Video ya Wimbo na Uhaba wa Fikra

Wanafunzi wa filamu waandaapo video ya wimbo hulalamikia uhaba wa fedha. Sisi twaona kuwa uhaba mkubwa zaidi ni wa fikra. Tuchukue mfano wa "Subterranean Homesick Blues", uliopigwa picha mwaka 1965 na kufungua filamu ya D. A. Pennebaker, Dont Look Back, ya mwaka 1967. Katika uchochoro karibu na hoteli ya Savoy, London, Bob Dylan anaangusha kadi zilizoandikwa kwa mkono, moja baada ya moja, wimbo ukiendelea. Ni picha moja tu, isiyokatwa.

Uzuri wake umo katika uteuzi. Kadi nyingi zabeba maneno ya mwisho wa mistari, yaani yenye vina. Nyingine zimekosewa tahajia kwa makusudi ya mzaha. Hivyo jicho lasoma kinachosikiwa na sikio. Kasoro ipo: wimbo wakimbia, na mgeni wa lugha huachwa njiani.

Basi mwanafunzi na aanze na mashairi ya wimbo: ayapime, ateue maneno, afanye mazoezi, ndipo aazime kamera. Kupanga hakumgharimu senti.