Lafudhi, Kicheko na Kabila: Uhakiki wa Uigizaji wa Benson Wanjau katika Uhusika wa Mzee Ojwang'

Makala haya yanahakiki uigizaji wa Benson Wanjau, msanii wa Kenya aliyejulikana zaidi kwa jina la Mzee Ojwang', hususan katika kipindi cha Vitimbi cha Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Hoja kuu ni kwamba lafudhi, ambayo wengi huiona kuwa kiini cha ucheshi wake, ilikuwa mlango tu. Kilichochekwa hasa ni majivuno ya baba wa nyumba.

Wanjau alikuwa Mkikuyu ilhali Ojwang' ni Mjaluo. Tofauti hiyo ina uzito kiisimu. Kijaluo hakina sauti /sh/ wala /z/, hivyo wazungumzaji wake aghalabu hutumia /s/: "shida" husikika "sida", na "zote" huwa "sote", neno lenye maana nyingine kabisa. Mzungumzaji wa Kikuyu, kwa upande wake, hutatizwa zaidi na /l/ na /r/. Kwa hiyo, Wanjau hakuleta mbele ya kamera athari za lugha yake ya kwanza. Alijifunza za jirani yake na kuzidumisha kwa miongo kadhaa. Huo ni usanii, si maumbile.

Hata hivyo, usanii huo unazua swali la kimaadili. Tangu Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, siasa za Kenya mara nyingi zimewakabilisha viongozi wa jamii hizi mbili, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilidhihirisha ukubwa wa mpasuko huo. Je, Mkikuyu anayemwigiza Mjaluo katika runinga ya taifa hamkejeli jirani yake?

Jibu limo katika uhusiano wa Ojwang' na mkewe, Mama Kayai. Mume hudai ukubwa. Mke huupima ukubwa huo kwa mizani ya mambo ya nyumbani, nao hupungua. Tukiiondoa lafudhi, mgogoro huo unabaki na unachekesha bado, kwa kuwa mume wa aina hiyo yumo katika kila jamii. Mtazamaji huanza kwa kumcheka Mjaluo na huishia kumtambua baba yake mwenyewe.

Utetezi huu una mipaka. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, anakihusisha kichekesho na tabia ya kimashine inayojirudia ndani ya kiumbe hai. Ojwang' ni mfano wake bora, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: ni mhusika bapa, habadiliki. Aidha, mtazamaji asiyevuka mlango wa lafudhi anaweza kuondoka na dhana potofu ile ile aliyokuja nayo.

Wanjau alipofariki Julai 2015, Wakenya wa makabila mbalimbali walimwomboleza kwa jina la Kijaluo. Makala haya hayadai kwamba kicheko kiliponya uhasama wa kisiasa. Yanadai jambo dogo zaidi, lakini linalothibitika: kwamba mwigizaji anaweza kuazima sauti ya jirani bila kumnyang'anya utu wake, mradi ampe pia nyumba, mke na aibu za kibinadamu. Kigezo hiki kinafaa kutumiwa katika kuhakiki vichekesho vya sasa vinavyotegemea lafudhi pekee.