Watu 13 hawawezi kusemea Asia yote

Bandugu wasomi, nimesoma tena makala ya Laurits Skov na wenzake, ile yenye ilitoka ndani ya gazeti Nature mwezi wa 10 mwaka 2022. Inaeleza habari za Waneandertali 13 wa milima ya Altai, kusini mwa Siberia: 11 wa pango la Chagyrskaya na 2 wa Okladnikov. Kazi ni kubwa, hilo sibishi. Kwa ADN ya mifupa na meno wamemtambua baba na binti yake. Wameonyesha pia kama wanawake njo walikuwa wakihama zaidi kwenda vikundi vingine.

Shida yangu iko hapa. Waandishi wanakadiria vikundi vya watu 10 mpaka 20 hivi, na wanavifananisha na gorila wa milimani. Sawa. Lakini sisi tunajua: mwenye kuhesabu gorila wa Virunga hajamaliza habari ya wale wa Kahuzi-Biega. Altai ilikuwa ukingoni, upande wa mashariki kabisa wa inchi zenye Waneandertali wanajulikana. Watu wa ukingoni wanaweza kuwa wachache kuliko wenzao. Mbona sasa tunasoma eti «Waneandertali waliishi hivi», kama vile wote?

Na kuhusu asili ni vilevile. Hata Altai yenyewe haikuwa na ukoo mmoja. Mwanamke wa pango la Denisova, mwenye jenomu yake ilitangazwa mwaka 2014, aliishi zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Wale wa Chagyrskaya, wa miaka 54,000 hivi, hawakutoka kwake: damu yao iko karibu zaidi na ya Vindija, ku Kroatia. Mwaka 2020, Kseniya Kolobova na wenzake walionyesha kama vyombo vyao vya mawe vinafanana na vya Ulaya ya kati na mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Kumbe watu walikuja zaidi ya mara moja. Na wale wa Shanidar, ku Irak, ama wa Teshik-Tash, ku Uzbekistan, hawamo ndani ya hawa 13.

Kwa hiyo, tukichora mshale mmoja tu kwenye karta na kuandika «asili ya Waneandertali wa Asia», tunafuta watu wenye walitangulia. Mwenye anaona tofauti aandike hapa chini, tubishane.