Sifa za Anayejua Kutafuta

Ukitembea Mwiki, upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kazi ya mikono huikosi. Mawe ya Ndarugo yanapangwa, vyuma vinafungwa kwa waya, zege linapandishwa orofa baada ya orofa. Mafundi hao wana sifa zao na wanazistahili. Leo namsifu mtu mwingine wa mjengo huohuo, ambaye mkononi hana mwiko wala nyundo: yule anayeweza kufungua hati ya ujenzi kwenye kompyuta, akatafuta sharti moja katikati ya mamia ya kurasa, na akapata lile hasa linalotawala kazi ya siku hiyo.

Michoro huonyesha umbo la jengo. BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa, huonyesha kiasi na bei. Ubora wenyewe umo katika hati ya masharti ya kiufundi: simenti iwe ya nguvu gani, mchanga uwe safi kiasi gani, zege limwagiliwe maji kwa siku ngapi. Nchini Kenya yapo Masharti ya Jumla ya Kazi za Ujenzi yaliyotolewa na wizara ya ujenzi Machi 1976, na zabuni za serikali zimeendelea kuyataja kwa tarehe hiyo miongo mingi baadaye. Juu yake kila mradi huongeza masharti yake mahususi. Pia ipo Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya 2024, iliyochukua nafasi ya sheria ndogo za 1968. Yote hayo sasa husomwa kwenye kioo, na pembeni pana kisanduku cha kutafutia.

Swali linalompeleka mtu kisandukuni huwa dogo. Nyapara anapiga simu: “Injinia, ule udongo mweusi tumeumaliza kuutoa. Sasa hii murramu tunaishindilia kwa tabaka la unene gani?” Lori limeshamwaga mzigo, na mashine ya kushindilia imekodiwa kwa siku. Udongo mweusi huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, ndiyo maana uliondolewa. Lakini murramu iliyojazwa ovyo nayo hutitia, na sakafu ikafuata. Jibu limeandikwa tayari. Kinachotakiwa ni mtu wa kulifikia kabla kazi haijaendelea.

Hapo ndipo ustadi unapoanza, na sehemu yake ya kwanza ni kutoliamini upesi neno “hakuna”. Kila mtu wa mjengo husema DPC, ule utando unaolazwa ndani ya ukuta, sehemu ya chini, ili unyevu usipande. Ukiandika herufi hizo tatu, programu inaweza kukujibu kuwa hakuna kitu, kwa kuwa mwandishi wa hati alilitaja jina kwa urefu wake. Hali huwa ngumu zaidi kwa hati za zamani, ambazo ziliingizwa kwenye kompyuta kwa kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Jicho la mtu linaona maandishi. Programu inaona picha tu, na isiposomeshwa herufi zake itasema hakuna hata kwa neno lililojaa kila ukurasa. Mtafutaji mzuri hujaribu kwanza neno ambalo ana hakika limo. Likikosekana hilo, anajua kuwa tatizo ni la faili, na anarudi kusoma kwa macho. Mkataba haumsamehi mtu kwa sababu programu yake haikuona.

Sehemu ya pili ni kutoridhika na jibu la kwanza. Masharti ya jumla yanaweza kutaja daraja la zege, kisha masharti mahususi ya mradi yakadai zege lenye nguvu zaidi kwa nguzo, na kwa kawaida yaliyo mahususi ndiyo hutangulia. Aliyesimama kwenye jibu la kwanza amesoma maneno ya kweli, na bado anaweza kujenga kosa. Aliye stadi huyapitia majibu yote, akasoma aya iliyotangulia na inayofuata, akaangalia kama pana “isipokuwa” iliyojificha chini. Ndipo hulinganisha na maelezo ya mhandisi kwenye michoro.

Kuchagua neno la kuandika ni sanaa nyingine. Dirisha la alumini Mwingereza huliandika aluminium, Mmarekani aluminum, na hati za miradi yetu huchanganya viwango vya huko na huko. Anayeandika alumin na kuishia hapo huyanasa yote mawili. Namba nazo ni hazina, kwa kuwa hazibadiliki tahajia. Ukitafuta zege utapewa lundo la majibu. Ukitafuta 28 utafika haraka zaidi kwenye sharti la majaribio, ambapo vipande vya zege vyenye pande za milimita 150 hupondwa maabarani siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu zao. Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, aliiwekea hoja hiyo msingi wa kihesabu: neno linalopatikana katika hati chache lina uzito zaidi kuliko lile lililotapakaa kila mahali. Mitambo ya kutafuta imejengwa juu ya wazo hilo, na fundi wa hati hulitumia kwa kuzoea kwake.

Mwisho kuna kuijua ramani ya hati. Mpangilio wa hati za masharti uitwao MasterFormat, unaotumika Marekani na Kanada, ulitoka sehemu 16 ukawa na 50 mwaka 2004: zege liko 03, kazi ya mawe na matofali 04, kinga ya unyevu 07. Anayeukosa utando wa kuzuia unyevu kwenye 07 hujiuliza unalazwa wapi, akakumbuka ni ndani ya ukuta, akaenda 04. Hilo halifundishwi na programu. Hulijua mtu aliyewahi kusimama karibu na ukuta unaojengwa, na ndiyo sababu nauita ufundi kamili: unataka ujuzi wa maandishi na wa mawe kwa pamoja.

Na hautimii mpaka neno lililopatikana lifike mkononi mwa fundi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua watu wasiopungua 49. Mamlaka zilisema lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Onyo lilikuwapo, halikugeuka tendo. Kwa hiyo mtafutaji ninayemsifu hunakili sharti na namba ya aya yake, akamtumia nyapara, kisha akaenda kuona tabaka lile la murramu likishindiliwa.

Vyuo vyetu hufundisha kuchora na kukadiria gharama. Vifundishe na kutafuta, kwa hati halisi na maswali halisi kutoka mjengoni, na kazi hiyo ipewe heshima na malipo yake. Mpangaji wa orofa ya nne Mwiki hataisoma hati ya nyumba anayolala. Ana haki ya kuwa na mtu aliyeisoma kwa ajili yake, asiishie kwenye jibu la kwanza.