Muziki wa Kantri: Kuirudia Hukumu Tuliyoitoa kwa Kusoma Tu

Kwa miaka miwili mfululizo, katika somo la utangulizi wa fasihi simulizi, tuliutumia muziki wa kantri wa Marekani kama mfano wa utungo uliochakaa. Tuligawa karatasi zenye maneno ya nyimbo kumi na mbili, tukahesabu vina, tukaorodhesha maudhui (mama aliyeachwa kijijini, treni, pombe, mgodi, kaburi), kisha tukahitimisha kwamba fani yake ni dhaifu na huzuni yake ni ya kibiashara. Mwanafunzi mmoja alipoleta kazi iliyolinganisha upigaji gitaa wa Kentucky na ule wa Likasi, tulimpa alama kumi kati ya ishirini na kuandika pembeni: "Mfanano wa juujuu." Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hukumu ile haikuwa na msingi.

Miaka miwili iliyopita tulipata nafasi ya kumtembelea dada yetu mjini Lexington, jimbo la Kentucky. Wakongo wengi wamefanya makao huko na katika mji jirani wa Louisville, na kuna maduka ambamo Kiswahili husemwa bila mtu yeyote kugeuka. Shemeji, ambaye hufanya kazi katika ghala, husikiliza kantri garini asubuhi na jioni. Tulipomweleza habari za somo letu alicheka sana. "Shemeji," alisema, "wewe umezisoma. Mimi nazisikia. Twende ukawaone wenyewe." Jumamosi ile akatuendesha saa kadhaa kuelekea magharibi, hadi wilaya ya Muhlenberg.

Msomaji asiyeijua wilaya hiyo afahamu kwamba ni nchi ya makaa ya mawe, na kwamba ndiko alikozaliwa Merle Travis mwaka 1917, mwana wa mchimbaji. Travis ndiye aliyerekodi mwaka 1946 wimbo "Sixteen Tons," ambao Tennessee Ernie Ford aliufanya mashuhuri duniani mwaka 1955. Habari yake ni ya mchimbaji anayefanya kazi bila kumaliza deni. Katika kambi nyingi za makaa ya mawe kampuni ilimiliki nyumba na duka, na ililipa sehemu ya mshahara kwa hati zake yenyewe, ambazo hazikuwa na thamani mahali pengine. Wimbo huu ulikuwa namba tatu katika karatasi zetu. Pembeni tulikuwa tumeandika: "kutia chumvi."

Tulifika kwenye ukumbi mdogo ambamo wenyeji hukutana kupiga muziki. Hapakuwa na jukwaa. Viti vilipangwa kwa mduara, kahawa ilikuwa mezani, na kila mwenye chombo alingoja zamu yake. Wengi walikuwa wazee. Sisi wawili tulipewa viti na hatukuulizwa kitu.

Jambo la kwanza lililotuangusha lilikuwa la fani, tena katika uwanja tunaodai kuwa ni wetu. Katika karatasi zetu tulikuwa tumetia wino mwekundu vina vingi vilivyoonekana kuwa vibovu: neno moja lina vokali i, jingine lina e, yote mawili yakiishia kwa n. Lakini katika Kiingereza cha Kusini mwa Marekani, na magharibi ya Kentucky imo humo, vokali hizi mbili huungana zinapotangulia n au m. Neno la kalamu na neno la pini hutamkwa sawasawa. Kinywani mwa waimbaji wale vina vyetu "vibovu" vilikuwa kamili, wala hapakuwa na kimoja kilichochechemea. Tulikuwa tumewasahihisha watu kwa lahaja isiyo yao.

Ni aibu kwa mtu mwenye lisansi ya isimu kulikiri hili, hasa hapa kwetu. Mwimbaji wa Likasi akisema *batoto* mahali pa *watoto*, au akitumia *njo* pale ambapo vitabu vinataka *ndi-*, hakuna hata mmoja katika idara yetu ambaye angemwandikia kosa. Tumepigana miaka mingi na wale wanaokipima Kiswahili cha Katanga kwa sarufi ya Unguja. Kumbe rula ile ile tulikuwa nayo mfukoni, tukiitumia kwa wengine.

Jambo la pili lilihusu gitaa. Katika kanda tulizokuwa tukisikiliza chuoni, nyuzi nene zilitoa mdundo mkavu tuliouona kuwa wa kuchosha. Pale mduarani tuliona chanzo chake. Kidole gumba, kilichovikwa kijikucha cha plastiki, hupiga nyuzi nene kwa zamu bila kukoma, huku ukingo wa kiganja ukizilalia ili sauti isienee. Na kidole cha shahada, peke yake, hupiga wimbo juu ya mdundo huo. Vidole viwili tu. Mzee aliyeketi mbele yetu alikuwa mtu mmoja anayetoa sauti za watu wawili, tena akizungumza na jirani yake.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mwanafunzi wetu. Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga "Masanga," naye alitumia gumba na shahada. Hatusemi kwamba mkono ni ule ule. Kwa Travis gumba ni saa ya ukutani, na wimbo hukaa juu yake. Kwa Mwenda vidole viwili hupeana na kunyang'anyana, hata msikilizaji hajui mapigo makuu yako wapi mpaka mwenzake agonge chupa. Lakini tofauti hiyo huonekana kwa mtu aliyekwisha kuuona mfanano. Mwanafunzi alikuwa ameuona. Sisi hatukuwa tumefika hata mlangoni.

Kuhusu huzuni tutasema machache, kwa kuwa ni vigumu kuieleza kwa maandishi. Wimbo wa deni la mchimbaji ulipoimbwa, hakuna aliyeinamisha kichwa. Watu walitabasamu, mmoja akaongeza kahawa, mama mmoja akaendelea kufuma sweta lake huku akiimba sauti ya pili. Katika karatasi tuliyasoma maneno yale kama mtu anayeomba ahurumiwe. Ukumbini yalikuwa ni dhihaka ya watu wanaoijua hesabu ile na waliokwisha kuicheka nyumbani. Mzaha ule haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa katika mwendo wa sauti na katika jinsi mwimbaji alivyochelewesha neno la mwisho.

Baadaye mzee yule wa gitaa, aliyewahi kuwa mchimbaji, alituuliza tunatoka wapi. Tulimjibu: Likasi, mji wa shaba. Hakuuliza Likasi iko upande gani wa dunia. Aliuliza: "Mgodi wa chini au wa wazi?" Tukamwambia kwamba baba alikuwa fundi wa karakana, hakushuka chini. Akauliza tena kama alifanya zamu ya usiku, na kama mama alikuwa akilala. Swali hilo la mwisho hatukuwa tumewahi kuulizwa na mtu yeyote, wala na mwalimu wala na rafiki. Mama hakuwa akilala. Alikuwa akikaa jikoni taa ikiwaka mpaka king'ora cha asubuhi, akisingizia kwamba anachambua maharage.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba tuliuelewa muziki ule kwa sababu tulizaliwa kambini. Kuna ukweli hapo, lakini tusiharakishe. Posho yetu ya unga ilikuwa sehemu ya malipo. Haikuwa deni, na yule mchimbaji wa Kentucky aliyenaswa dukani alikuwa na jeraha ambalo baba hakuwa nalo. Anayeingia katika wimbo wa mwingine akidai kwamba kila chumba ni chake, huyo naye hajasikia.

Tena liko jambo lililotuuma katika safari ile ile. Katika mji mdogo wa Drakesboro pamejengwa chemchemi ya ukumbusho kwa wapigaji wanne: Travis, Mose Rager aliyekuwa kinyozi hapo, Ike Everly na Kennedy Jones. Wote wanne ni wazungu. Wanaochunguza asili ya upigaji huo huurudisha nyuma, kupitia kwa Jones, hadi kwa Arnold Shultz, mtu mweusi wa wilaya jirani ya Ohio, aliyezaliwa mwaka 1886, akafanya kazi ya makaa ya mawe na kupiga gitaa dansini. Bill Monroe, anayeitwa baba wa blugrasi, alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa kijana alipiga dansini pamoja na Shultz. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Shemeji, aliyependa safari yote, alisimama mbele ya chemchemi akahesabu majina, kisha akasema: "Na yule wa tano?" Tuliondoka bila kupiga picha.

Kufika mahali, basi, hakumfanyi msikilizaji kuwa mpole tu. Humpa pia haki ya kulalamika kwa usahihi. Zamani tuliishutumu kantri kwa kosa ambalo haina, yaani udhaifu wa vina, tukaiachia lile ambalo linaweza kuthibitishwa.

Mwenzetu mmoja idarani amepinga hoja hii. Anatukumbusha kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wa Kenya wimbo uitwao "Chemirocha," jina ambalo ni Jimmie Rodgers lililopita katika ndimi zao. Santuri za mwimbaji huyo wa Mississippi zilikuwa zimewafikia, nao wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Je, hawakuupenda muziki huo bila kuvuka bahari? Waliupenda. Lakini tuangalie walichofanya: hawakuketi kuhesabu vina vyake, waliuchukua, wakauweka katika ala ya nyuzi na koo zao. Huko nako ni kuugusa kwa mkono. Sisi tuliokuwa na maktaba hatukuugusa hata hivyo.

Alama za mwanafunzi yule haziwezi kubadilishwa tena, kwa sababu alikwisha kuhitimu. Sasa anafundisha Kolwezi. Tulimwandikia mwezi uliopita, tukamweleza habari za ukumbi, za vina na za Shultz, na tukaomba nakala ya kazi yake ili tuisome pamoja na darasa la mwaka huu. Ameituma. Katika barua yake hakugusia alama. Aliuliza tu kama tumeanza kujifunza gitaa. Tumeanza. Gumba linatii kidogo. Shahada bado inalifuata gumba kila linakokwenda.