Matone Arobaini na Mawili

Saa nane za usiku wodini, muuguzi amesimama kando ya kitanda, saa yake ameiinua sambamba na chemba ya dripu. Midomo inacheza bila sauti. Anahesabu matone. Kwenye faili daktari ameandika lita moja ya maji ya chumvi kwa saa nane, lakini jicho la binadamu halioni lita inavyokwenda. Linaona tone likivimba, likining'inia, likidondoka. Kazi yake usiku huu ni kuivusha amri ile kutoka lugha ya faili hadi lugha ya matone, isipungue njiani wala isizidi.

Hesabu anaifanya kichwani. Lita moja ni mililita 1,000. Pakiti ya mpira wa dripu inasema matone 20 ni mililita moja, basi lita nzima ina matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Jawabu ni matone 42 kwa dakika, kasoro kidogo. Anakilegeza kigurudumu kinachobana mpira, anahesabu tena, anakikaza kidogo mno, anahesabu mara ya tatu. Hapo ndipo anapoondoka.

Kuzidisha na kugawanya, kikokotoo cha simu kinatosha. Ufundi wenyewe umo katika swali linalotangulia: tone la mpira upi? Ipo mipira ya matone madogo, ile inayotumika sana kwa watoto, ambayo mililita moja hutoa matone 60. Na kwa kuwa saa ina dakika 60, mililita kwa saa na matone kwa dakika huwa namba ileile. Mtoto aliyeandikiwa mililita 30 kwa saa anapewa matone 30 kwa dakika, basi. Ni urahisi unaofurahisha, na ndio huo unaomtia hofu muuguzi mzoefu. Mipira hiyo ikiisha stoo, ukafungwa wa matone 20, matone 30 yaleyale yatapeleka mililita 90 kwa saa kwenye mshipa wa mtoto. Namba haijabadilika hata kidogo. Tone ndilo limekuwa kubwa mara tatu. Kwa hiyo anaisoma pakiti kila mara, hata ile aliyoisoma jana.

Fundi wa visima naye ana swali lake. Chombo chake ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 24, kisima kinatoa lita 50 kwa dakika, yaani mita za ujazo 3 kwa saa. Mwenye nyumba anataka kusikia ni madumu mangapi. Bili ya maji inazungumza uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita ishirini ishirini. Kibati cha pampu dukani kinasema galoni kwa dakika. Galoni ya nani? Ya Kiingereza ni lita 4.55, ya Kimarekani ni lita 3.79. Pampu ya galoni 100 kwa dakika ni lita 455 kwa hesabu moja na lita 379 kwa nyingine, na lita 76 zinazopotea katikati ni karibu madumu manne kila dakika. Fundi makini hukisoma kibati mpaka herufi ya mwisho kabla ya kununua hata futi moja ya bomba.

Kuna waliotaabika zaidi yake. Mwaka 97 Sextus Julius Frontinus alikabidhiwa mifereji ya maji ya jiji la Roma. Kipimo cha wakati ule, quinaria, kiliangalia ukubwa wa mdomo wa bomba tu. Frontinus alitambua kwamba maji yanayokwenda mbio hutoa zaidi kupitia mdomo uleule, lakini hakuwa na njia ya kuyapima mbio zake, na hesabu zake za maji yanayoingia na yanayogawiwa zilikataa kulingana. Mwaka 1628 ndipo Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alipochapisha kitabu kilichofunga ndoa kati ya eneo na mwendo.

Maji lakini ni mtu wa neno lake: lita ya Mtwara ikifika Arusha ni lita. Gesi si hivyo. Ukiibana inajikunja, ukiipasha moto inatanuka. Anayetaja mita ya ujazo ya gesi bila kutaja joto na presha bado hajasema kitu. Wapo wanaohesabu kwa nyuzi 0 za Selsiasi, wapo wa nyuzi 15, na kwa presha ileile mita moja ya wale wa kwanza ni mita 1.055 ya hawa wa pili. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, lilielezwa kuwa na uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3, zivushe zote, utapata mita za ujazo zipatazo 257 kila sekunde. Si kwamba ndani ya bomba kuna nafasi hiyo: humo gesi imebanwa vikali, na hizo 257 ni hesabu ya gesi iliyoachiwa katika hewa ya kawaida.

Muuguzi anayajua hayo kwa njia yake. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ambao ungejazwa maji ungepokea lita 47 hivi, umebeba lita 6,800 za gesi. Mgonjwa wa kitanda cha pili amewekewa lita 5 kwa dakika tangu saa mbili usiku: dakika 1,360, saa 22 na dakika 40. Amebandika karatasi shingoni mwa mtungi, ameandika saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Kama daktari angeagiza lita 10 tangu mwanzo, karatasi ingesema saa moja na dakika ishirini asubuhi, kabla mtunza stoo hajafungua mlango.