Aongozaye na Aitikiaye: Albamu Tatu na Pengo la Ganako

Kupendekeza albamu ni kazi inayoonekana nyepesi. Mtu husikia, hupendezewa, kisha huwaambia wenziwe. Lakini ndani ya kila pendekezo mna swali lililofichama: sauti hiyo ilifikaje kwa msikilizaji, na njiani iliacha nini? Aghalabu swali hilo haliulizwi na mtu aliye mbali, kwa kuwa kwake jina lililoandikwa juu ya jalada linatosha. Huulizwa na jirani wa yule aimbaye. Kwa sababu hiyo inafaa albamu zinazosifiwa siku hizi zisikilizwe kutoka mahali kama Ganako.

Ganako ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, jirani na mji ambao magari ya watalii huupita yakielekea Lango la Loduare, mlango wa kuingilia Ngorongoro. Wenyeji wake walio wengi ni Wairaqw, ambao Waswahili wamezoea kuwaita Wambulu, na lugha yao ni ya Kikushi. Majirani zao ni Wadatoga na Wamaasai, wasemao lugha za Kiniloti. Na kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, ndicho cha sokoni na shuleni. Mtu aliyekulia hapo hahitaji kuelezwa kwamba “muziki wa asili wa kaskazini” si kitu kimoja. Kwake Mmaasai si picha ya kadi ya posta. Ni jirani ambaye wazee wake waligombana naye kwa ajili ya malisho, na wakabadilishana naye nafaka kwa mifugo.

Albamu ya kwanza ya kuzingatiwa ni *Maasai Hip Hop* ya kundi la X Plastaz, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya OutHere ya mjini Munich, Ujerumani. Kundi hilo lilianza Arusha mwaka 1996, wakati ambapo habari zote za muziki wa vijana zilikuwa zikitoka Dar es Salaam. Ndani yake walikuwamo Faza Nelly, Ziggy, G-San, vijana wadogo Steve na Dineh, na Merege, mwimbaji wa Kimaasai. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Mwaka 2009 G-San alighani kwa Kiswahili katika sherehe za tuzo za hip hop za kituo cha BET cha Marekani. Wengi waliokuja kuifahamu albamu hii baadaye waliifikia kwa mlango huo, miaka mitano baada ya kutoka kwake.

Mpenzi wa ushairi atakayeisikiliza kwa mara ya kwanza asiitafutie mizani minane ya utenzi. Vina vimo, na vimo kwa wingi, ila havikukaa mwisho wa kipande peke yake. Hurukia katikati ya mstari, hupotea, kisha hurejea pale sikio lilipokuwa limekwisha kukata tamaa. Kiswahili chake ni cha mitaa ya Arusha, kikavu, chenye haraka, kisichoomba radhi kwa kutokuwa cha Mjini Unguja. Mojawapo ya nyimbo zao huuliza katika jina lake ni nini dhambi kwa mwenye dhiki. Swali kama hilo washairi wa pwani wamelizungukia kwa karne nyingi, na hapa linaulizwa tena na vijana wasiojiona kuwa warithi wa mtu yeyote.

Hata hivyo, uzito wa albamu umo katika sauti ya Merege. Uimbaji wa Kimaasai una utaratibu wake. Kiongozi, ambaye huitwa olaranyani, hutoa mstari. Kundi humwitikia kwa sauti nzito zitokazo kooni, zikipanda na kushuka kwa pumzi. Ngoma haimo. Pumzi za waitikiaji ndizo ngoma. X Plastaz wamemchukua kiongozi wa namna hiyo wakamweka juu ya midundo ya kompyuta, ambayo vijana huiita biti. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya albamu, olaranyani ameingia studioni bila ya watu wake, na mashine imeshika nafasi ya vifua vyao.

Kwa msikilizaji wa Munich jambo hilo halina kasoro, maana hajui kilichokosekana. Msikilizaji wa Ganako, aliyewahi kusikia vijana wa Kimaasai wakiimba sherehe zao ng'ambo ya bonde, hulitambua pengo mara moja. Lakini haki itendeke. Katika nyimbo zilizo bora kabisa, wana hip hop wenyewe hugeuka kuwa waitikiaji. Merege hutoa mwito, nao humjibu kwa Kiswahili, kila mmoja kwa zamu yake. Hapo Umaasai huacha kuwa pambo, na lugha mbili huketi pamoja bila ya moja kumtumikia mwenzake. Nyimbo hizo zinatosha kuifanya albamu hii istahiki kutafutwa hata leo. Pale ambapo sauti ya Merege inasikika mwanzoni tu na kutoweka, mfano wa bendera inayopandishwa na kushushwa, albamu inalitumia jina lake kuliko inavyolistahiki.

Na jina hilo si dogo. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa mahali ambapo wanyama, mifugo na watu wangeishi pamoja. Tangu mwaka 2022 familia za Kimaasai zimekuwa zikihamishwa kutoka huko kupelekwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inauita wa hiari na wapinzani wake wanaukana. Wakati watu wenyewe wanaondoka, neno “Maasai” linabaki katika vibao vya hoteli, katika vinyago na katika majalada ya muziki. Anayeipendekeza *Maasai Hip Hop* sasa hana budi kukumbuka kwamba jina limepata makao duniani kuliko wenye jina.

Albamu ya pili inalitazama jambo hilo hilo la kuongoza na kuitikia kutoka upande mwingine. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, aliufikisha muziki wa ilimba na zeze mbali kuliko Mtanzania mwingine yeyote wa fani yake, hasa kwa albamu ya *Chibite* ya mwaka 1996 iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Katika miaka yote hiyo wanawake wa ukoo walikuwapo jukwaani, wakicheza, wakipiga ngoma za muheme na kuitikia. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita Zawose Queens, walitoa *Maisha* kwa kampuni hiyo hiyo. Waitikiaji wamekuwa viongozi.

Ubora wa *Maisha* hautokani na habari hiyo peke yake, ingawa habari hiyo huandikwa kwanza. Unatokana na namna sauti mbili za kike zinavyokataa kugawana vyeo. Mmoja huanza, mwingine humpokea kabla hajamaliza, na msikilizaji hana hakika tena nani aliyetangulia. Vikorombwezo vya kielektroniki vimo, lakini vimekaa nyuma kwa adabu. Asiyejua Kigogo atapungukiwa na maana, ila hatapungukiwa na mpangilio. Akiisikiliza mara baada ya albamu ya Arusha atafahamu kile ambacho mashine haikuweza kumpa Merege.

Ya tatu iko karibu na nyumbani. *Siti of Unguja*, ya mwaka 2020, ni kazi ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, chini ya uongozi wa muziki wa Mohamed Issa Matona, nayo ilitolewa na kampuni ya On the Corner ya London. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, katika zama ambazo taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu; Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahiki kuandikiwa kitabu. Kitukuu hakujaribu kumwigiza. Anaimba taratibu, kwa sauti ya chini, huku ala za jazi zikimzunguka. Kuna mahali ala hizo zinasema mno, na fidla na ganuni zinalazimika kungoja ruhusa. Lakini shairi halikupotea. Maneno yanasikika moja moja, na hiyo ni heshima ambayo taarabu ya kisasa huisahau mara kwa mara.

Munich, Uingereza, London, na kabla ya hapo Bombay: kila moja ya sauti hizi ilihitaji mlango wa ugenini ndipo irejee kwa wenyewe. Hapana aibu katika hilo. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba mlango huchagua. Umemchagua Mmaasai kwa kuwa sura yake inajulikana, Mgogo kwa kuwa ala zake ni adimu, na Unguja kwa kuwa jina lake linauzika. Mwiraqw, ambaye magari ya watalii hupita mbele ya mashamba yake kila siku, hakusimamishiwa gari.

Wairaqw, kwa upande wao, wana slufay. Ni utungo wa kughaniwa, ulio kati ya shairi na dua: mzee hutamka mistari ya kuitakia nchi heri na kuyafukuza mabaya, na waliohudhuria humwitikia. Robert Thornton aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya Wairaqw. Na mwaka 2014 Rose Marie Beck na Maarten Mous walitoa makala juu ya tungo hizo, katika kitabu kilichochapishwa Köln. Kwa hiyo wasomi wameufikia. Lakini kitabu humpa msomaji maneno ya mzee na kumnyima mwitikio, na slufay isiyoitikiwa ni nusu ya slufay. Kwaya na vijana wa Karatu hurekodi nyimbo zao kama wenzao wa kwingineko. Ila katika orodha za makampuni yaliyotajwa hapa, utungo huu haumo.

Siku atakapotokea wa kuurekodi, albamu hizi tatu zimekwisha kumfunza masharti yake. Waitikiaji wasiachwe nje ya mlango wa studio. Maneno ya Kiiraqw yachapwe pamoja na tafsiri ya Kiswahili, ili Mpemba na Mngazija nao wayasome. Jalada libebe majina ya wasemaji, lisitosheke na jina la kabila. Kwa sasa mpenzi wa muziki aanze na *Maisha*, aendelee na *Siti of Unguja*, kisha airudie *Maasai Hip Hop* akiwa ameshajua la kusikiliza: mwito unapotoka, ni nani anayejibu.