Cavendish, Msaka Makosa

Mwaka 1798 Henry Cavendish, mwanasayansi wa Uingereza, alitangaza kuwa densiti ya dunia ni mara 5.48 ya densiti ya maji. Leo tunajua ni mara 5.51. Wengi huistaajabia tarakimu hiyo. Mimi naustaajabia zaidi ufundi ulioizaa.

Kifaa alichotumia kilibuniwa na mwanasayansi mwenzake, John Michell, aliyefariki kabla ya kukitumia. Ni ufito wa mbao wa karibu mita 1.8, umening'inizwa kwa waya mwembamba, na kila ncha ina mpira mdogo wa madini ya risasi. Karibu na mipira hiyo husogezwa miwili mikubwa, kila mmoja kilo 158 hivi. Mvutano kati ya mipira mikubwa na midogo, ambao ukilinganishwa na mvuto wa dunia hutoa densiti ya dunia, ni hafifu mno, hata joto la mwili wa mtazamaji laweza kuitikisa hewa na kuuficha. Kwa hiyo Cavendish alikifungia kifaa chumbani, akabaki nje, akaisogeza mipira kwa kamba na kusoma skeli kwa darubini zilizopenyezwa ukutani.

Ufito haukutulia kamwe. Hakuungoja, alisoma mahali ulipogeukia, mara tatu mfululizo, kisha akakokotoa kitovu cha mwendo. Mipira mikubwa aliiweka upande mmoja, halafu upande wa pili, akachukua tofauti. Kosa la mahali pa kuanzia likajifuta lenyewe.

Lakini alijua kwamba kurudia kipimo hupunguza makosa ya nasibu tu. Kosa linaloegemea upande mmoja hurudi kila mara, nalo lazima lisakwe. Alishuku usumaku katika fito za chuma zilizobeba mipira mikubwa, akaweka za shaba. Alishuku joto la mipira yenyewe, akaipasha kwa taa makusudi. Ufito ukasogea kupita kiasi, na kosa lililojificha likaonekana. Kulikuza kosa ili ulijue: huo ndio ustadi wa hali ya juu.

Tena alichapisha matokeo yake yote 29. Miaka mingi baadaye mwanaastronomia Francis Baily aliyapitia, akagundua kwamba wastani sahihi ni 5.448, kwani Cavendish alikosea kujumlisha. Jedwali kamili ndilo lililowezesha masahihisho hayo.

Mwanafunzi uliye maabarani, usifute usomaji usioupenda. Uandike, kisha utafute sababu yake.